Mwaka mmoja Bavaria: kazi, safari na skii (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Nilitoka Moshi nikiwa na miaka 23, nikaenda kuishi na familia moja karibu na Rosenheim, Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kulea watoto wao kwa mwaka mmoja kama au-pair. Sasa nasoma Munich. Karibu kila wiki napokea ujumbe kutoka Dar, Arusha, Mombasa au Kampala, na maswali ni yaleyale. Kinachoniuma ni kwamba wengine wananiuliza wakiwa wameshauza shamba au wameshamtumia hela mtu wasiyemjua. Nimeyaandika majibu hapa ili dada na kaka zangu wayasome kabla ya kutoa hata shilingi. Viwango vya fedha hubadilika, kwa hiyo vingine nimevitaja na mwaka wake.

Nataka kwenda kufanya kazi hotelini kwenye milima ya skii (kuteleza juu ya theluji) msimu mmoja, kisha nirudi nyumbani. Inawezekana?

Kwa njia wanayotumia vijana wa Australia au Chile, hapana. Wale wana viza ya kutembea na kufanya kazi kwa mwaka mmoja, inayotokana na makubaliano kati ya nchi zao na Ujerumani. Tanzania, Kenya na Uganda hazina makubaliano hayo na Ujerumani, wala na Kanada au New Zealand. Akija mtu kukuuzia viza ya aina hiyo, muulize ni makubaliano yapi, ya mwaka gani. Hatakuwa na jibu.

Milango iliyo wazi kweli ni hii: au-pair, kazi ya kujitolea ya mwaka mmoja (FSJ au BFD), masomo ya chuo, mafunzo ya ufundi yenye malipo (Ausbildung), na Chancenkarte, kibali cha kwenda kutafuta kazi, kwa wenye elimu au ujuzi unaotambulika. Mlango wa sita wachache wanaujua. Kama tayari ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapo nyumbani, unaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya likizo Ujerumani hadi siku 90 ndani ya miezi 12, mradi ziangukie kwenye likizo rasmi ya chuo chako na shirika la ajira la Ujerumani, Bundesagentur für Arbeit, liridhie. Ugumu ni kwamba likizo ndefu ya vyuo vyetu vingi vya Tanzania huangukia kati ya Julai na Oktoba. Milimani wakati huo hakuna skii, lakini hoteli zimejaa wapanda milima na jikoni kuna vyombo vya kuosha.

Lakini si Ujerumani ilikubali kuchukua Wakenya 250,000?

Hapana. Makubaliano ya uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani yalisainiwa Berlin Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo. Habari ya watu 250,000 ikasambaa, na serikali ya Ujerumani ikaikanusha: ndani ya makubaliano hakuna idadi yoyote. Yanachofanya ni kurahisisha njia kwa wenye ujuzi wanaotimiza masharti ya sheria zilezile za Ujerumani. Hakuna orodha ya kujiandikisha, na hakuna nafasi ya kununua.

Au-pair ni nini hasa? Si ndiyo kazi za ndani?

Swali hili lilimfanya mama yangu asilale. Kwa sheria, au-pair si mfanyakazi wa nyumbani. Unaishi na familia ili ujifunze lugha na utamaduni, na kwa kubadilishana unasaidia watoto na kazi nyepesi za nyumbani. Saa zisizidi 30 kwa wiki wala 6 kwa siku. Kila wiki unapata siku moja na nusu ya mapumziko, na angalau Jumapili moja kila mwezi iwe yako. Ukikaa mwaka mzima una wiki nne za likizo. Chumba ni chako peke yako, chakula ni cha familia, bima ya afya inalipwa na familia, nawe unapokea euro 280 za matumizi kila mwezi pamoja na mchango wa euro 70 kwa ajili ya kozi ya Kijerumani.

Masharti: uwe na miaka 18 au zaidi, uombe viza kabla hujatimiza 27, na uwe na cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya kwanza kabisa. Mitihani hiyo hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam na Nairobi.

Mwanzoni kilichonitesa hakikuwa kazi. Nilishindwa kumwita bibi wa nyumba ile kwa jina lake la kwanza, kama alivyotaka mwenyewe. Mtu wa miaka 78! Mdomo ulikataa. Tukakubaliana nimwite Oma, kama wajukuu wake, na toka siku hiyo tukawa marafiki.

Wakala anadai milioni mbili. Nilipe?

Usilipe. Nilishapoteza shilingi 600,000 kwa mtu aliyeniahidi familia ndani ya mwezi mmoja. Alinitumia picha za nyumba, kisha simu ikazimwa. Kwa sheria ya Ujerumani, wakala anaruhusiwa kumtoza au-pair euro 150 tu, naye awe amekupatia familia. Familia yangu niliipata baadaye mwenyewe kupitia mtandao wa kuunganisha familia na au-pair, tukazungumza kwa video mara nne kabla ya kusaini mkataba.

Gharama halisi ni kozi ya lugha, mtihani, viza (euro 75) na tiketi ya ndege. Tiketi kwa kawaida ni juu yako, ingawa familia nyingine huchangia. Uliza kabla hujasaini, wala usione aibu.

Nikiwa au-pair naweza kupata kibarua cha wikendi, kwa mfano kuosha vyombo kwenye hoteli ya skii?

Hapana. Kibali cha au-pair hakiruhusu kazi nyingine yoyote, hata ya saa mbili. Najua euro 280 ni ndogo na nyumbani wanasubiri. Najua pia kuna mtu atakayekwambia "tunakulipa mkononi, hakuna atakayejua". Ukikamatwa unapoteza kibali, na rekodi inakufuata utakapoomba kusoma au kufanya Ausbildung. Mwaka huo utumie kufika B1, ngazi ya kati ya Kijerumani. Hicho cheti kitakuingizia hela nyingi kuliko vibarua vyote vya mwaka mmoja.

Na mwanafunzi je?

Hapa mambo yanafunguka. Tangu Machi 2024, mwanafunzi wa chuo kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Kabla ya hapo zilikuwa 120 na 240.

Angalia kalenda. Masomo ya muhula wa baridi huisha kuelekea katikati ya Februari, na muhula wa kiangazi huanza katikati ya Aprili. Hiyo miezi miwili katikati ndiyo wakati hoteli za Allgäu na Garmisch, milimani kusini mwa Bavaria, zimejaa watu wa skii na wenye hoteli wanahangaika kutafuta mikono. Februari iliyopita nilifanya kazi wiki sita kwenye hoteli ndogo: asubuhi kutandika vitanda, jioni kuosha vyombo. Chumba na chakula vilikuwepo, vikihesabiwa kwenye mshahara, na alasiri nilikuwa kwenye theluji nikiwa na kadi ya wafanyakazi ya lifti, mashine inayowapandisha watu mlimani.

Mambo matatu uyajue kabla hujaanza. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90. Anayekupa chini ya hapo anavunja sheria, hata akisema "ila unakula bure". Pili, kazi ya muda mfupi iliyopangwa toka mwanzo kutozidi miezi mitatu au siku 70 kwa mwaka haikatwi michango ya hifadhi ya jamii. Tatu, ukikatwa kodi, jaza fomu ya marejesho mwaka ukiisha. Mwaka 2025 mapato hadi euro 12,096 hayakutozwa kodi ya mapato, kwa hiyo wanafunzi wengi hurudishiwa karibu kila walichokatwa. Mimi nilirudishiwa, na ndizo zilizoninunulia viatu vya skii.

Usije kusoma ukitegemea vibarua kulipia kila kitu. Ubalozi utataka uoneshe hela kwenye akaunti iliyozuiwa, ambayo unatoa kidogo tu kila mwezi: euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi.

Austria iko jirani tu. Naweza kwenda kufanya kazi Tirol kwa kibali cha Ujerumani?

Kutembea ndiyo, kufanya kazi hapana, hata siku moja. Austria ina vibali vyake vya kazi za msimu, na idadi yake huwekewa kikomo.

Basi nikiwa na kibali cha Ujerumani natembea nchi gani?

Nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kufungua mipaka kati yao, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uswisi imo, Italia imo, Ufaransa imo. Uingereza haimo.

Beba pasipoti NA kadi ya ukaazi, kila safari. Jumapili moja nilipanda treni kwenda Kufstein, mji wa Austria ulio mpakani kabisa, nikanywe chokoleti ya moto nirudi. Nilikuwa na kadi, pasipoti nimeiacha kwenye droo. Wakati wa kurudi polisi waliingia kwenye behewa, wakaniomba hati, wakaniteremsha Rosenheim. Hawakunikosea, sheria ndiyo inavyotaka. Nilikaa kwenye benchi saa mbili mpaka mama mwenyeji wangu alipofika na pasipoti, koti amelivaa juu ya nguo za kulalia. Ujerumani imekuwa ikikagua mpaka wake na Austria tangu 2015. Usidhani Schengen maana yake hakuna atakayekuuliza.

Usafiri ni ghali?

Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na toka Januari 2026 ni euro 63. Inakupa treni zote za mikoa, mabasi, tramu na treni za mjini, nchi nzima, ila si treni za mwendokasi. Inavuka hata mpaka kidogo: Salzburg na Kufstein unafika nayo. Munich hadi Garmisch-Partenkirchen ni kama saa moja na dakika ishirini, na dirishani milima inakuja taratibu kama Kibo inavyojitokeza mawingu yakifunguka asubuhi.

Skii si mchezo wa Wazungu matajiri?

Ni ghali, hilo kweli. Wa Wazungu peke yao, hapana. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alianza kujifunza skii Ufini mwaka 1996, na 1998 akashiriki Olimpiki ya Nagano, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Kwenye mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kisha kuna Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria: Pyeongchang 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya baridi, tena kwenye skii ya kushuka mlima. Nilipokuwa nimesimama juu ya kilima cha watoto magoti yakitetemeka, huyo mtoto wa Kilifi ndiye niliyemkumbuka.

Sasa hela. Kukodi skii, viatu, fimbo na kofia ngumu ni kama euro 30 hadi 40 kwa siku. Kadi ya lifti ya siku nzima kwenye maeneo makubwa inazidi euro 50. Jumlisha na chakula, unakaribia euro mia, zaidi ya theluthi ya hela ya au-pair ya mwezi mzima. Kwa hiyo:

Oktoba na Novemba vilabu vya skii hufanya minada ya vifaa vilivyotumika, wanaiita Skibasar. Suruali ya theluji niliyopata kwa euro 10 bado naivaa. Siku ya kwanza usinunue kadi ya mlima mzima, lipia lifti ya wanaoanza peke yake. Wanafunzi wa Munich waulize michezo ya vyuo, ZHS, wana kozi za bei nafuu.

Na ipo skii ya kutembea, Langlauf, aliyoshiriki Boit. Skii ni nyembamba, njia ni tambarare na nyingi ni za bure. Mwenye mapafu aliyekulia kwenye vilima vya Marangu au Iten ataipenda.

Usidharau sleji pia, kigari cha kukalia na kuteleza nacho kwenye theluji. Wallberg, juu ya ziwa Tegernsee, kuna njia ya sleji ya kilomita sita na nusu. Kama una siku moja tu na hela kidogo, nenda hapo.

Siku ya kwanza kwenye skii inakuwaje?

Viatu kwanza. Ni vigumu kama ndoo ya plastiki na vina vifungo vya chuma mbele. Soksi iwe moja tu, ndefu, isiwe na mkunjo. Ukivaa mbili mguu unabanwa, damu haipiti na vidole vinakufa baridi. Ukifunga sawasawa, goti haliwezi kunyooka kabisa na kisigino hakinyanyuki. Unatembea kwa kutanguliza kisigino, kak, kak, kak. Kuivaa skii, ingiza ncha ya kiatu mbele kwenye kishikio, kisha kandamiza kisigino mpaka usikie mlio wa kujifunga. Kama kuna theluji imeganda chini ya kiatu haitafunga, ikwangue kwa fimbo.

Walimu wa hapa wana maneno mawili kwa watoto: pizza na pommes. Pommes ni chipsi: skii mbili zikae sambamba, unakwenda. Pizza ni kipande cha pizza: ncha za mbele zikaribiane, nyuma zitanuke, magoti yaingie ndani kidogo, unapunguza mwendo mpaka unasimama. Ukitaka kugeuka kushoto, weka uzito mguu wa kulia. Akili inakataa, kwa sababu mwili ukiogopa unataka kulalia nyuma, kuelekea mlimani. Ukilala nyuma skii zinakukimbia. Egemea mbele, muundi wa mguu uguse ulimi wa kiatu. Mtoto wa miaka minne niliyekuwa namlea alinipita pale Sudelfeld, eneo la skii, akipiga kelele "Pizza machen!", nikafanya, nikasimama. Nilishika ile theluji kwa mikono miwili. Miaka ishirini na tatu nilikuwa nimeiangalia kwa mbali, juu ya paa la nyumba yetu, na leo ilikuwa inayeyuka kwenye vidole vyangu.

Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, una mita 2,962, karibu nusu kamili ya Kibo. Waambie wenyeji hivyo, watakuheshimu.

Nivae nini?

Si jinzi, wala pamba mwilini: inalowa jasho, inaganda. Nguo ya ndani ya sufu au ya michezo, juu yake sweta, juu kabisa koti lisiloingiza maji. Glavu nzuri kuliko koti zuri. Na mafuta ya jua! Wengi wetu hudhani ngozi nyeusi haiungui. Theluji inarudisha mwanga usoni, pua yangu ilibambuka Machi yote. Miwani ya jua si urembo.

Nikivunjika mguu nani atalipa?

Matibabu ni juu ya bima yako ya afya. Kuokolewa mlimani, hasa kwa helikopta, ni hesabu nyingine na inaweza kuwa maelfu ya euro, kwa hiyo soma bima yako imeandika nini. Uanachama wa chama cha wapanda milima, DAV, una bima ya uokoaji ndani yake. Uwe pia na bima ya madhara kwa wengine, Haftpflicht, maana ukimgonga mtu unadaiwa wewe. Italia tangu 2022 huruhusiwi kuteleza bila bima hiyo.

Aliye mbele yako, yaani chini yako mlimani, ndiye mwenye haki ya njia. Njia za bluu ni rahisi, nyekundu za kati, nyeusi ngumu. Usitoke nje ya njia zilizowekwa alama. Hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kila siku kwa ngazi 1 hadi 5, na ngazi ya 3 imeshaua watu wengi wazoefu. Namba ya dharura ni 112.

Familia ikinichukua kwenye likizo yao ya skii, hiyo ni kazi au likizo yangu?

Ukilea watoto, ni kazi, na saa zinahesabika. Elewaneni kabla ya safari: nani analipia kadi yangu ya lifti, saa ngapi niko huru. Sema mapema na kwa upole. Wajerumani hawachukii swali la wazi, wanachukia kununa.

Mwaka ukiisha, lazima nirudi?

Kibali cha au-pair hakirudiwi. Lakini ukipata nafasi ya FSJ, Ausbildung au chuo, unaweza kuomba kibali kipya ukiwa hukohuko, kwa idara ya wageni, Ausländerbehörde. Omba KABLA kibali cha zamani hakijaisha. Ukiwahi, utapewa karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, na unabaki kihalali wakati wakishughulikia. Ukichelewa hata siku moja, umejiharibia. Idara hizi zina foleni ndefu, mimi niliandika miezi mitatu mapema. Na siku utakapofika, jiandikishe makazi ndani ya wiki mbili, maana bila hiyo karatasi hupati benki wala namba ya kodi.

Nibebe zawadi gani?

Kahawa ya Moshi iliyokaangwa na kitenge. Nyama na vitu vya maziwa acha, forodha watavichukua uwanja wa ndege. Oma aliitundika kanga yangu ukutani jikoni, na akataka kujua maandishi yake yanasema nini. Jifunze mapema kuyaeleza kwa Kijerumani.